Shajara ya mradi: kuitunza injini ya dizeli ya vani kuukuu isife kabla ya wakati wake

Januari: vipimo kabla ya spana

Injini ninayoishughulikia ni ya dizeli, ina silinda nne na ujazo wa lita mbili na nusu, haina turbo, na imo katika vani iliyokwisha kubeba mizigo kwa miaka mingi. Silinda hedi yake, yaani kifuniko kilicho juu ya silinda, ni ya aluminiamu, bloku yake, yaani mwili wenye silinda, ni ya chuma cha kusubu, kamshafti yake, yaani shafti inayofungua valvu, huzungushwa na mkanda wa mpira, na mafuta hugawiwa silinda zote na pampu moja ya nozeli ya mzunguko (nozeli ni vinyunyizio vya mafuta). Haina kompyuta yoyote inayoongoza upigaji wa mafuta, kwa hiyo karibu kila hitilafu yake ama huonekana kwa macho, ama husikika kwa sikio, ama hupimika kwa geji. Hiyo ndiyo sababu ninaamini kwa dhati kwamba injini za namna hii zinastahili kutunzwa, wala si kuachwa zichakae kwa kisingizio cha uzee.

Lengo la mradi si kuongeza nguvu. Ninataka injini iwake asubuhi bila kusumbua, isichemshe ikiwa na mzigo mlimani, na isifie njiani kwa sababu ambayo ingeweza kuonekana mapema. Kanuni niliyojiwekea ni kutobadilisha kifaa chochote kabla ya kukipima, kwa kuwa katika dizeli dalili moja hutokana na vyanzo vingi: injini inayowaka kwa tabu inaweza kuwa na kompresheni ndogo (mbano wa hewa ndani ya silinda), plagi za hita zilizokufa (zile zinazopasha moto wakati wa kuwasha), hewa katika njia ya mafuta, taimingi iliyochelewa (wakati wa kupiga mafuta), au stata tu, yaani mota ya kuwashia, inayozunguka polepole. Anayekimbilia kununua pampu mpya kwa dalili hiyo anaweza kutumia fedha nyingi na kubaki na tatizo lile lile.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kompresheni. Geji ya injini ya petroli haifai kwa kazi hii, kwa sababu dizeli yenye chumba cha awali cha mwako (chumba kidogo ambamo mafuta huanza kuwaka) hubana hewa kwa uwiano wa takriban 22 kwa 1, na shinikizo lake hupita mwisho wa geji hiyo. Injini ilipashwa moto kwanza, waya wa solenoidi ya kukata mafuta ukachomolewa, plagi zote za hita zikafunguliwa, na geji ikafungwa katika matundu yake, silinda moja baada ya nyingine. Majibu, kwa bar ambayo ni kipimo cha shinikizo, yalikuwa 29, 28, 29 na 25. Kitabu cha injini hii kinataka isiwe chini ya bar 20 na tofauti kati ya silinda isizidi bar 5, kwa hiyo pistoni na ringi bado ni nzima. Silinda ya nne nimeiwekea alama, kwani tofauti yake na wenzake haitokani lazima na ringi. Inaweza kuwa valvu isiyokaa vizuri kwenye kiti chake. Sikumimina oili ndani ya silinda kama ifanywavyo kwenye injini ya petroli, kwa sababu nafasi iliyo juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno: oili yenyewe hupandisha kipimo kwa uongo, na inaweza hata kuwaka.

Moshi nao umeandikwa. Asubuhi hutoka mweupe wenye harufu kali ya dizeli na kutoweka injini ikipata joto. Injini ikikanyagwa na mzigo hutoka mweusi. Wa bluu, ambao huashiria oili inayoungua, haupo. Mweupe wa asubuhi ni dizeli ambayo haikupata joto la kutosha kuwaka, na mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa au yaliyopigwa vibaya. Kwa majibu haya, hakuna haja ya kufungua injini nzima.

Februari: mfumo wa kupoza

Kazi ilianzia hapa, ingawa vani haikuwa ikichemsha. Nimepanga kazi zote kwa kufuata ukubwa wa hasara: kwanza kile kinachoweza kuiua injini kwa safari moja, kisha kile kinachoichosha polepole. Joto ndilo linaloongoza orodha hiyo.

Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu kwa ongezeko lile lile la joto. Silinda hedi yenye urefu wa nusu mita ikipanda nyuzi 80 za Selsiasi hurefuka kwa takriban milimita 0.9, ilhali bloku iliyo chini yake hurefuka kwa takriban nusu ya kiasi hicho. Gasketi iliyo katikati huvumilia msuguano huo kila injini inapowashwa na kupoa, na huvumilia vizuri maadamu joto linapanda taratibu na kwa usawa. Maji yakipungua, sehemu iliyo kati ya valvu au jirani na chumba cha awali hupata joto kali kuliko pengine, hedi hupinda au hupata ufa, na gasketi huachia. Ndiyo maana nusu saa ya kuendesha gari linalochemsha inaweza kufuta utunzaji wa miaka.

Rejeta ilitolewa nje. Kwa ndani ilikuwa na magadi ya kahawia, dalili ya gari lililoongezewa maji ya bomba kila mara badala ya kulanti, yaani kioevu maalumu cha kupozea injini, na kwa nje vumbi na wadudu walikuwa wameziba mapezi ya katikati, mahali ambapo mtu anayetazama kwa mbele hawezi kuona kwa sababu ya kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele yake. Niliiosha kwa maji yasiyo na kasi kubwa kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa kuwa bomba la shinikizo kubwa hulaza mapezi na kufanya uzibaji kuwa mbaya zaidi. Baada ya kusukuma maji ndani yake kwa mwelekeo wa kinyume bado theluthi ya mirija haikupitisha vizuri, hivyo nimeamua kuweka rejeta mpya. Rejeta iliyozibika kwa kiasi hicho hutosha safari za mjini na kushindwa siku ya mlima na mzigo, na mtu hudhani kwamba mlima ndio uliosababisha.

Thamostati, yaani valvu inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, ilijaribiwa katika sufuria ya maji yaliyowekwa kipimajoto. Ilifunguka ikiwa imechelewa na haikufikia upana wake wote, kwa hiyo imebadilishwa. Kuna desturi ya kuitoa kabisa thamostati ili injini “ipoe”, nami naipinga kwa nguvu zote. Injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi hutumia mafuta zaidi, hujenga masizi, huosha kuta za silinda kwa dizeli isiyoungua, na katika injini nyingi, hii ikiwamo, thamostati hufunga pia njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Matokeo yake, injini huwa baridi ikiwa tupu na huchemsha ikiwa na kazi.

Kifuniko cha rejeta ni kitu kidogo ambacho watu wengi hawakihesabu kuwa kipuri. Hiki cha vani kimeandikwa bar 0.9, shinikizo ambalo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa maji kutoka nyuzi 100 hadi karibu nyuzi 118. Springi yake ikilegea, mfumo hupoteza akiba hiyo yote bila tone moja kuonekana chini ya gari. Kilibadilishwa pamoja na mipira yote ya maji, hata ile iliyoonekana mizuri kwa nje, kwa sababu ilipokatwa ilikuwa na nyufa upande wa ndani karibu na klipu.

Feni ya injini hii ina klachi ya mnato. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni inapozungushwa kwa mkono inapaswa kuleta ukinzani. Ikizunguka kwa urahisi, klachi imekwisha. Hii bado ni nzima. Kizingo cha plastiki kinachozunguka feni kilikuwa kimeondolewa na mtu fulani zamani. Kimerudishwa, kwa sababu bila hicho feni huchezea hewa ile ile iliyo nyuma yake badala ya kuvuta ile inayopita kwenye rejeta.

Nilipima pia kama gasi ya mwako inaingia kwenye maji, kwa kutumia dawa ya bluu inayogeuka kijani au manjano inapokutana na gasi hiyo. Ilibaki bluu. Dalili nyingine ya kuangalia ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, kabla maji hayajapata joto la kuleta shinikizo. Hapa haukuwa hivyo.

Kulanti imechanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Faida yake katika injini hii si kuzuia barafu tu: viungo vyake huzuia kutu katika bloku na ulikaji wa aluminiamu, huku vikilinda sili ya pampu ya maji. Wakati wa kujaza, mpira wa hita ya ndani ulifunguliwa mahali pa juu kabisa ili hewa itoke, maana katika vani injini hukaa chini ya viti na mabomba hupanda na kushuka, na hewa hujificha huko.

Jambo la mwisho katika mfumo huu ni onyo ambalo ningependa kila dereva wa gari kuukuu alijue. Geji ya joto husoma maji yanayogusa kihisi chake. Mpira ukipasuka na maji yote yakamwagika, kihisi hubaki hewani, na mshale unaweza kutulia au hata kushuka wakati injini inaungua. Kwa sababu hiyo nimeongeza kihisi cha kiwango cha maji katika tangi la akiba, chenye taa na king'ora. Ni kazi ya waya mbili, na naiona kuwa na thamani kuliko kipuri chochote kingine kilichowekwa mwezi huu.

Machi: mkanda wa taimingi

Katika dizeli nafasi kati ya pistoni na valvu pistoni ikiwa juu kabisa ni ndogo sana, kwa sababu bila ufinyu huo kompresheni haipatikani. Mkanda ukikatika, kamshafti husimama, pistoni zinaendelea kupanda, na valvu hupigwa. Watengenezaji wengi wa injini za kizazi hiki waliweka kikomo cha kilomita 100,000 au miaka kadhaa, kipi kitangulie, na ni ile sehemu ya miaka ambayo husahaulika. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa kuwa hakuna kumbukumbu ya lini mkanda huu uliwekwa, nimeuhesabu kuwa umekwisha.

Mkanda haukubadilishwa peke yake. Roli ya kukazia na ile ya kuongozea zilibadilishwa, kwa kuwa beringi yake ikikwama mkanda mpya huungua kwa muda mfupi. Sili za mbele za krankishafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti zilibadilishwa pia: ile ya chini ilikuwa ikivuja kidogo, na oili hulainisha mpira wa mkanda na kuuozesha. Pampu ya maji, ambayo katika injini hii hufikiwa kwa kufungua sehemu hizo hizo, imewekwa mpya.

Alama za krankishafti, kamshafti na pampu ya nozeli zilipangwa kabla mkanda wa zamani haujatolewa, kisha zikathibitishwa baada ya mpya kufungwa. Injini ilizungushwa kwa mkono, kwa spana kwenye bolti ya puli, mizunguko miwili kamili ya krankishafti, ambayo ni sawa na mzunguko mmoja wa kamshafti, hadi alama zikarudi mahali pake. Hatua hii haipaswi kurukwa na mtu yeyote. Valvu ikikutana na pistoni mkono husikia ugumu na mtu huacha, stata haisikii.

Taimingi ya pampu ya nozeli ilipimwa kwa geji ya saa iliyofungwa nyuma ya pampu, mahali penye bolti ndogo ya katikati, ikionyesha safari ya plunja (kipande kinachosukuma mafuta ndani ya pampu) kwa sehemu za mia za milimita pistoni ya kwanza ikiwa juu. Ilikuwa imechelewa kidogo, jambo linaloafikiana na moshi mweupe wa asubuhi, na imerudishwa kwenye kipimo cha kitabu kwa kuisogeza pampu kwenye bolti zake. Kuna mafundi wanaopanga kwa sikio, na baadhi yao wana masikio mazuri ajabu, lakini taimingi iliyotangulia mno hugonga na kuchosha beringi na pistoni kabla mtu hajaona faida yoyote, kwa hiyo geji ndiyo yenye neno la mwisho.

Aprili: maji na hewa katika dizeli

Pampu ya mzunguko hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Haina oili yake yenyewe. Kwa hiyo kila kinachoingia na dizeli, kiwe maji, mchanga au mafuta ya taa yaliyochanganywa, huingia katika mahali ambapo vyuma vimelingana kwa usahihi wa sehemu za elfu za milimita. Maji ndiyo adui mkubwa kuliko wote hapa, kwa sababu ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini ya tangi, hulainisha vibaya, na huacha kutu katika plunja gari linapokaa.

Tangi lilishushwa. Chini yake palikuwa na tope jeusi lenye utelezi, ambalo ni kazi ya vijidudu vinavyoishi katika mpaka kati ya maji na dizeli. Tope hilo huziba filta ghafla baada ya gari kuyumba kwenye barabara mbovu, na dereva akisimama kidogo na kuliacha litulie, gari huwaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Tangi lilioshwa, likakaushwa kabisa, chujio la mfyonzo likasafishwa, na bomba la kupumulia likafunguliwa. Ili maji yasirudi, tangi litajazwa kabla ya gari kulala muda mrefu, kwa sababu tangi tupu lina hewa nyingi, na unyevu wa hewa hiyo hugeuka kuwa matone usiku.

Filta imebadilishwa na kitenganishi cha maji kilicho chini yake kimewekewa koki mpya. Nimeandika katika ratiba kwamba koki hiyo ifunguliwe kila oili inapoangaliwa, na filta ibadilishwe kila kilomita 10,000, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi. Filta mpya ilijazwa kwa pampu ya mkono, wala haikumiminiwa dizeli kutoka kwenye chombo kwa upande wa kutokea, kwa sababu mafuta yanayowekwa huko huingia pampuni bila kuchujwa.

Baada ya hapo ilikuja shida ya hewa, ambayo ilinichukua muda mwingi kuliko nilivyotarajia na kunifundisha zaidi ya kazi nyingine zote. Gari lililolala lilihitaji kuzungushwa sana ndipo liwake, lakini likishawaka liliendelea vizuri. Dalili hiyo, ya injini isiyotaka kuwaka baada ya kulala, mara nyingi humaanisha kwamba dizeli imerudi tangini usiku kwa sababu hewa inaingia mahali fulani. Upande wa mfyonzo una shinikizo hasi, kwa hiyo hauvuji nje. Huvuta hewa ndani bila kulowesha chochote, na mtu anayetafuta matone hataona kitu.

Niliweka kipande cha mpira unaoonyesha kilicho ndani kati ya filta na pampu, kisha kingine kwenye njia ya marejeo. Vipovu vilionekana katika cha kwanza, kwa hiyo hewa iliingia kabla ya pampu. Nilifuatilia sehemu kwa sehemu kwa kulisha pampu moja kwa moja kutoka katika chombo safi, nikiruka kwanza tangi, halafu bomba la chuma la chini ya gari, halafu filta. Vipovu vilitoweka pampu ya mkono iliyo juu ya filta ilipowekwa kando. Kiwambo chake cha mpira kilikuwa na ufa mwembamba. Vijimpira vya marejeo vinavyounganisha nozeli kwa nozeli navyo vimebadilishwa vyote, maana vilikuwa vimekauka, na upande huo pia huruhusu hewa kurudi injini ikilala.

Jambo moja zaidi kuhusu dizeli ya sasa. Kuondolewa kwa salfa, ambayo katika kiwango cha Ulaya cha EN 590 imeshushwa hadi sehemu 10 kwa milioni, kumesafisha moshi kwa kiasi kikubwa, lakini mchakato wenyewe hupunguza pia uwezo wa asili wa dizeli kulainisha, na kiwango hicho kinaweka kikomo cha uwezo huo, ambao kwa kawaida hurudishwa kwa viungo maalumu. Dizeli iliyotimiza kiwango haina madhara kwa pampu ya zamani kwa upande huu. Iliyo hatari ni ile iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, kwa kuwa huondoa ulainishaji na hairudishi chochote. Sili za zamani za pampu zinaweza kuanza kuvuja zikibadilishiwa aina ya mafuta, kwa hiyo pampu itaangaliwa kila mwezi kuzunguka shafti yake na kifuniko cha juu.

Mei: nozeli, na valvu za silinda ya nne

Nozeli zilifunguliwa na kupimwa kwenye mashine. Zinatakiwa kufunguka kwenye shinikizo la takriban bar 135. Mbili zilifunguka karibu na bar 115 na moja kati ya hizo ilidondosha badala ya kunyunyiza. Nozeli inayodondosha ni hatari kuliko sauti yake. Mafuta yake huwaka yakiwa matone juu ya pistoni, huyeyusha ukingo wake taratibu, na huosha oili kwenye ukuta wa silinda. Ncha zote nne zilibadilishwa pamoja, na shinikizo likapangwa upya kwa shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kujazia, ili zilingane.

Vikinga joto na washa za shaba zilizo chini ya nozeli zimewekwa mpya bila kujali sura ya zile za zamani. Washa iliyokwisha kubanwa mara moja haizibi tena vizuri, na gasi inayopenya pembeni yake hujenga lami nyeusi ngumu ambayo baadaye humfanya fundi aivunje nozeli akijaribu kuing'oa.

Kisha ikaja zamu ya valvu. Katika injini hii nafasi iliyo kati ya kamshafti na valvu hurekebishwa kwa shimu, na viti vya valvu vya dizeli vinapochakaa valvu huzama, kwa hiyo nafasi hupungua badala ya kuongezeka. Injini yenye tapeti zinazogonga hulalamika na husikika. Ile yenye valvu zilizobana hukaa kimya hadi valvu ya ekzosi iungue. Valvu ya ekzosi ya silinda ya nne ilikuwa karibu haina nafasi yoyote. Baada ya kurekebishwa na injini kutembezwa kidogo, kompresheni ya silinda hiyo ilipanda kutoka bar 25 hadi bar 28. Kipimo cha Januari kimelipa hapa, kwa sababu bila hicho pengine ningefikiria ringi na kufungua injini isiyohitaji kufunguliwa.

Juni: umeme wa kuwashia

Sehemu hii ilikwenda haraka. Plagi za hita zilipimwa kwa multimita: tatu zilionyesha chini ya omu moja, ya nne haikupitisha kabisa. Zote zimebadilishwa, na rilei yake imepimwa kwamba hupeleka volti za betri hadi kwenye plagi zenyewe.

Zaidi ya plagi, kasi ya kuzunguka ndiyo inayowasha dizeli, kwa kuwa hewa iliyobanwa polepole hupoteza joto lake kwenye kuta kabla halijafika mahali pa kuwasha mafuta. Betri ilikuwa na volti 12.6 ikiwa imetulia, lakini zilizofika kwenye stata ilipozunguka zilikuwa 9.1, na kosa halikuwa la betri. Kati ya bloku ya injini na ncha hasi ya betri palipotea zaidi ya volti moja kupitia waya wa athi uliooza ndani ya ganda lake. Waya mpya mnene uliwekwa, pamoja na wa pili kutoka giaboksi hadi chesisi, na volti sasa hubaki juu ya 10.

Julai: oili, kipumulio, na kukimbia kwa injini

Oili ni 15W-40 iliyoidhinishwa kwa dizeli, inayobadilishwa kila kilomita 5,000 pamoja na filta. Kuwa nyeusi mara tu baada ya kubadilishwa si kasoro. Masizi ya dizeli huingia katika oili, na kazi ya oili nzuri ni kuyabeba bila kuyaacha yatulie. Ninachotazama kwenye kijiti ni kiwango. Kikishuka, inavuja au inaungua. Kikipanda, jambo ni zito zaidi, kwani ama dizeli inaingia kupitia nozeli inayodondosha, ama maji yanaingia, na katika hali zote mbili beringi za krankishafti zinapoteza utando wake wa kinga.

Kipumulio cha injini kilisafishwa, kwa sababu kikiziba, shinikizo husukuma oili kupitia sili, na kikibeba oili nyingi hadi kwenye njia ya hewa, injini ya dizeli inaweza kuitumia kama mafuta na kukimbia yenyewe hata ufunguo ukiwa umezimwa. Katika hali hiyo kukata dizeli hakusaidii. Mtu akiwa ndani ya gari la gia za mkono huweka gia ya juu kabisa, hukanyaga breki kwa nguvu na kuachia klachi ili injini izime; akiwa nje, hukata hewa kwa kufunika mdomo wa bomba la kuingizia kwa ubao mgumu, si kwa kiganja wala kitambaa, ambavyo hufyonzwa. Nimeweka kipande cha ubao wa kipimo hicho kando ya kisanduku cha spana.

Agosti: hali ilivyo sasa

Injini huwaka mara inapoguswa, moshi mweupe wa asubuhi umekwisha, na mweusi huonekana kidogo tu kwenye mlima mkali. Mshale wa joto hausogei ukiwa na mzigo. Kiwango cha kulanti kimewekewa alama ya rangi kwenye tangi la akiba na hakijashuka tangu Februari.

Kazi iliyobaki ni pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, iliyo nyuma ya alteneta. Dizeli hii haina kilango cha kubana hewa kama petroli, kwa hiyo haina vakyumu ya kusaidia breki isipokuwa ile inayotengenezwa na pampu hiyo. Mpira unaoipelekea oili umeanza kukauka na kutoa jasho la oili. Ukipasuka, injini humwaga oili yake barabarani na pedali ya breki huwa ngumu kwa wakati mmoja. Mpira huo pamoja na ule wa kurudishia utabadilishwa kabla vani haijapewa mzigo tena, na valvu zitapimwa upya baada ya kilomita 1,000, kwa kuanzia na ile ya ekzosi ya silinda ya nne.